Mrututu na Chokaa

Mafundi wanapaka chokaa ukuta wa jikoni, na harufu yake imenirudisha kwenye shamba letu la viazi, Songea, baada ya vita. Baba alipigwa risasi akiamini maji ya dawa yangemkinga. Wajerumani wakachoma ghala letu, na viazi vile ndivyo vikawa tegemeo letu pekee. Kisha ukungu ukaanza kuyaozesha majani katika mashamba ya jirani.

Shangazi, aliyekuwa akilima bustani ya misheni, alituletea mrututu, ile chumvi ya shaba ya kuua ukungu, na chokaa. Alivichanganya na maji, yakageuka buluu.

"Maji tena, wifi?" mama alifoka. "Maji ndiyo yaliyomuua mume wangu!"

"Naye alikuwa kaka yangu," shangazi alijibu taratibu. "Haya hayamkingi mtu. Yanakinga majani tu."

Mama akachovya ufagio wa nyasi, akanyunyizia shamba mwenyewe, mche kwa mche, huku akilia.

Mvua zilipokwisha, alifukua shina la kwanza. Viazi vilitoka vizima, vigumu, vikubwa kama ngumi. Mama aliketi palepale udongoni, akashusha pumzi ndefu, akatuita.

"Leteni chungu, wanangu. Leo tunakula."