Sanduku Lililopimwa Mbwa Akiwa Amelala

Mwishoni mwa mwaka 2012 nilipata barua ya kuhamishwa kutoka Kakuma kwenda Mombasa. Nilikuwa nimefundisha Kakuma miaka tisa. Nyumbani niliishi na mbwa jike mzee, jicho moja lina ukungu, asiyekula ila ugali uliolowekwa mchuzi, tena kutoka mkononi mwangu. Kumwacha kulikuwa sawa na kumwua. Mabasi yalimkataa. Ikabaki ndege ya kutoka Lodwar.

Mara tatu niliingia saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kusoma masharti ya shirika la ndege, nikayanakili kwenye daftari. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, kilichotimiza mwezi. Barua ya daktari wa mifugo. Sanduku imara lenye matundu, sakafu isiyovuja. Mnyama awe na nafasi ya kutosha. Nikapiga simu kuhakikisha, nikamsomea dada aliyeipokea sharti moja baada ya jingine, naye akawa anaitikia, "Sawa, sawa."

Jirani yangu, seremala Mturkana, ndiye aliyetengeneza sanduku. Alimlaza mbwa ubavu, akampima kwa kamba kutoka puani hadi mkiani, kisha unene wa mwili.

"Mnyama ya safari inalala, mwalimu," alisema. "Ikisimama itavunjika mguu."

Niliona ni kweli. Kwa miaka tisa nilikuwa nimeona mbuzi wakisafirishwa juu ya mabasi na nyuma ya pikipiki, miguu imefungwa, wamelazwa. Nafasi ya kutosha ilikuwa nafasi ya kulala. Sikuiwekea alama ya kuuliza.

Januari, siku ya safari, seremala alinisindikiza hadi Lodwar. Hakuwa amewahi kuona ndege kwa karibu. Kijana wa shirika alikagua cheti, akakagua barua, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu akaangalia sanduku.

"Mwalimu, mbwa anasimamaje humu?"

"Asimame anangoja nani?" seremala akamjibu. "Kwani huko juu kuna mbuzi ya kuchunga?"

"Lazima aweze kusimama na kugeuka."

"Basi lete kamba, tumfunge miguu. Hatageuka."

"Mzee wangu, hapa si mnadani."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mimi nilifungua daftari, nikamwonyesha nilivyoandika. Alisoma, akasema nimeandika vizuri, lakini hiyo nafasi ya kutosha ndiyo hiyo ya kusimama. Ndege nyingine ilikuwa baada ya siku mbili, nami nilitakiwa kuripoti kesho yake asubuhi. Barua ya uhamisho ilisema atakayechelewa atahesabiwa ameacha kazi. Seremala alizunguka akitafuta mbao za kuongezea kimo. Alirudi mikono mitupu, jasho linamtoka, akaketi kando ya sanduku.

"Nenda, mwalimu. Nitarudi naye."

Nilimweleza kuhusu ugali, mchuzi, na mkono. Alirudia kila neno baada yangu. Mbwa alikuwa amelala, ameenea humo barabara.

Nilipiga simu siku ya nne, mbwa anakunywa maji tu. Siku ya saba, maji pia ameacha. Wiki ya pili seremala ndiye aliyenipigia.

"Ejok, mwalimu," alisalimu, kisha akasema amemzika. "Mkono nilimpa. Hakuutaka."