Kisigino cha Kashinje

Usukumani mtoto akitanguliza miguu wakati wa kuzaliwa huitwa Kashinje, na jina hilo huja na kazi yake. Mwenye kuumwa mgongo atalala kifudifudi, Kashinje atamkanyaga kiunoni kwa kisigino, na maumivu yatamtoka. Hakuna anayemuuliza Kashinje kama anaipenda kazi hiyo.

Kashinje wa Masumbwe, mama yake Nelly, aliipenda. Jioni wachimbaji walioshinda wakibeba viroba vya mawe kutoka duarani, yaani shimo la dhahabu, mpaka kwenye karasha, ile mashine ya kusagia, walipita uani kwake, wakavua mashati na kujilaza mkekani. Hakutoza kitu. Alinawa miguu, akapanda, akahamisha uzito taratibu, na watu wakainuka wakijinyoosha. Kanisani walimpisha kwenye benchi. Kwa mwanamke aliyeishia darasa la nne hilo si jambo dogo, na mimi simlaumu kwa kulifurahia.

Kisha ikaja zamu ya mumewe. Edson aliinama kunyanyua kiroba, akajipinda ili akitupe begani, na kitu kikamkatika kiunoni. Maumivu hayakukaa hapo. Yalishuka kwenye tako na pembeni mwa mguu mpaka kidole gumba cha kushoto, na akipiga chafya yalimpiga kama shoti ya umeme. Alifika nyumbani amepinda upande.

"Kanyaga," akamwambia mkewe.

Akakanyaga. Edson alipiga ukelele hadi majirani wakatoka nje. Waliposaidiana kumsimamisha, unyayo wa kushoto ulikuwa unaburuza. Akaambiwa ainue vidole, vikakataa.

Mama yake Edson alikuwa amekuja kutoka Tinde kuwatembelea, naye hakuona tatizo. "Ng'wana wane, mwanangu, ugonjwa umekimbilia mguuni. Kanyaga tena utoke."

"Mayu, sikanyagi."

"Sasa miguu ulitangulizia nini?"

Kashinje alikuwa na hofu kubwa: mtu asiyeweza kuinua unyayo hashuki duarani, na aliyemfikisha hapo ni yeye. Kulipokucha alimpandisha mumewe gari la Shinyanga, akiwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma, mama mkwe akinung'unika mlangoni.

Hospitalini, baada ya daktari kumpima, walipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa makamo aitwaye Evelina, asiyependa maneno mengi.

"Kati ya pingili na pingili za mgongo kuna diski," alisema. "Ganda lake gumu, ndani ni laini. Ukiinama na kujipinda na mzigo, ganda hulegea, diski ikatuna kwa nyuma na kuubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Mguu wenyewe ni mzima." Akamgusa Edson kiunoni. "Kuna mtu alimkandamiza?"

Edson akatazama dari.

"Mimi, kwa kisigino," alisema Kashinje.

Evelina hakumgombeza. "Misuli iliyochoka huvumilia kisigino. Hii diski haikuvumilia."

"Atapasuliwa?"

"Bado. Wengi hupona bila kisu. Ameze dawa, atembee kidogo kidogo, asishinde kitandani, asibebe mzigo. Mkojo ukifunga, au akifa ganzi katikati ya mapaja, au mguu ukizidi kulegea, mje siku hiyo hiyo. Vinginevyo, mara nyingi diski hunywea yenyewe."

"Yenyewe? Bila kukanyagwa?"

"Bila kukanyagwa."

Hapo ndipo Kashinje alipoumia. Aliikumbuka migongo yote iliyoinuka mkekani kwake ikimshukuru, na hakujua tena ni upi aliouponya na upi ungepona tu kwa kuachwa.

Nyumbani Edson alilala kifudifudi kila siku na kujiinua kwa viwiko, kama alivyofundishwa. Maumivu yalianza kupanda: yakatoka kwenye unyayo, yakaja pajani, yakarudi kiunoni. Evelina alikuwa amesema hiyo ni dalili njema. Mama mkwe aliamini ugonjwa unaelekea kichwani, akarudi Tinde kuhangaikia kafara.

Miezi ikapita. Siku moja Edson, akila viazi kibarazani, akainua kidole gumba cha mguu wa kushoto bila kuambiwa. Kashinje alikiona. Alilia waziwazi, chungu kikaungulia jikoni, na wala hakujali.

Lakini Edson naye ni mtu wa kwao. Aliporudi kazini, safari hii akisimamia karasha na siyo kubeba, alimweleza kila aliyeuliza: mke wangu alinikanyaga, dawa ikachelewa kidogo kufanya kazi, ndiyo hii sasa natembea. Kashinje alimkanya, yeye akacheka. Uani watu wakaongezeka.

Mmoja wao alikuwa mbeba viroba aitwaye Ndaki. Alifika akichechemea, mkono mmoja takoni, akalala mkekani kabla hata ya kukaribishwa. Kashinje alimuuliza maumivu yanafika wapi. Mpaka kidoleni, alijibu.

"Basi nisikilize. Mguu wa mume wangu karibu niuue mimi. Kilichomponya ni mazoezi na muda. Inuka, kesho panda gari uende hospitali."

Ndaki alifikiri kidogo, akageuzia shavu upande wa pili wa mkeka.

"Haya, mama," akasema. "Basi kanyaga polepole."