Mwanamke wa Vijiwe

Kila maji yanapomwagwa juu ya mawe ya uani kwetu hapa Al Khoudh, Maskati, harufu ya vumbi lililolowa hunirudisha Jordan, kwenye kanisa la kale tulikotembezwa siku mama alipokuwa akisubiri matibabu.

Mzee aliyetutembeza alimimina maji sakafuni, na picha zilizopangwa kwa vijiwe zikang'aa: samaki, zabibu, mwanamke. Mwanamke hakuwa na sura.

"Watu wa zamani waliung'oa uso," alisema, "kisha wakavirudisha vijiwe vilevile ovyo ovyo."

Mama alichutama akamtazama mwanamke yule wa vijiwe kwa muda mrefu. Mimi nililia kwa kumwogopa mpaka baba akanitoa nje.

Baba na mimi tulitangulia kurudi Maskati. Baada ya miezi miwili tukaenda kumpokea mama uwanja wa ndege. Dawa zilikuwa zimemvimbisha. Macho yalikuwepo, pua ilikuwepo, lakini sikumjua. Nikajificha nyuma ya baba.

"Mie hapa, mwanangu. Nsharudi."

"Huyu si mama!"

Hakukasirika. Aliuteremsha mtandio kutoka kichwani ukamfunika uso mpaka kidevuni, akanyoosha mikono.

"Haya, njoo sasa."

Nikaenda. Tangu hapo mpaka tulipomzika, kila mara alijifunika uso kwanza, ndipo akaniita.