Soya Chini ya Taa ya Bi Orpha

Delmar Huffine ni bahili, na nasema hivyo huku nampenda. Akimaliza kuvuna soya, hurudi shambani kwa miguu kuokota zilizodondoka. Ndiyo maana nilishangaa Oktoba ile, nilipopanda nguzo ya taa uani kwa jirani yake Bi Orpha kubadilisha balbu. Shamba zima la Delmar lilikuwa limekauka tayari kwa mashine ya kuvunia, isipokuwa kona moja chini ya taa, bado kijani kibichi.

Sababu niliijua. Soya hungoja usiku urefuke ndipo ikomae, na taa ile huiwakia hadi alfajiri. Taa ni yetu, ushirika wa umeme ulioniajiri. Bi Orpha anaikodi kwa mwezi tangu afiwe na mumewe, miaka tisa sasa. Na mdomo wangu huu, sijui nani kaniroga, nikamwambia.

Bi Orpha akasema, "Iondoe, mwanangu."

"Si ulisema bila taa hulali hapa?"

"Nitahamia kwa binti yangu. Siwezi kumlia jirani shamba miaka tisa, halafu nimsalimie kanisani."

Nikamwambia tuna kikinga cha bati, nitakifunga upande wa shamba, mwanga ubaki uani kwake. Akashusha pumzi. Nilikuwa napanda nacho Delmar alipofika na trekta, akazima injini.

"Unafanya nini huko juu?"

"Naokoa soya zako, mzee."

"Kwani zimekulalamikia?"

Bi Orpha akatoka barazani. "Delmar, mbona hukuniambia miaka yote hii?"

Delmar akavua kofia, akaigeuzageuza. "Dirisha langu la jikoni liko upande huo. Tangu mke wangu Lorene afe, nikiamka gizani kuchemsha kahawa, naiona taa yako. Najua kuna mtu." Akanigeukia kwa ukali. "Ukiiziba, nitakufuata huko huko juu."

Nikashuka na kikinga changu. Bi Orpha alikuwa analia, wala hakujificha. Alimwambia kesho aje anywe kahawa kwake, aache kunywa peke yake kama mfungwa. Delmar akasema atakuja, mradi asimtilie sukari nyingi.

Kwenye karatasi ya kazi niliandika: taa imekaguliwa, inawaka vizuri. Nikaondoka namshukuru Mungu kwa kunipa kazi inayonifikisha kwa watu kama hawa. Kona ile bado iko kijani kila Oktoba, na Delmar, bahili yule, huizunguka na mashine yake, akaiacha bila kuivuna, akaenda zake.