Semeni kwa Maneno Yenu

Mwanamama huyu ni wakili wa mikataba ya wanandoa, na sauti yake ni ileile kwa wanaooana na kwa wanaoachana. Kabla ya kusaini, huwataka wateja warudie kila kipengele kwa maneno yao, akianza na aliye kimya zaidi. Kidole gumba hakitoki kwenye kifuniko cha kalamu mpaka aridhike.

Juzi alikuja bwana mmoja na mchumba wake, harusi Jumamosi, haraka tupu. Wakili akamgeukia binti.

"Haya mwanangu, kipengele cha nyumba kinasemaje?"

Binti alitazama mikono yake. "Kwamba nyumba tunayojenga wote ni yake. Nikiondoka, naondoka na nguo zangu."

Bwana akacheka. "Unaona, wakili? Mke wangu kaelewa vizuri tu."

"Kuelewa ameelewa," wakili alisema, akiiweka kalamu mezani bila kuifungua. "Ila mimi ni wakili wako wewe, baba. Yeye hana wa kumshauri. Mwanangu, katafute wakili wako kwanza, ndipo mrudi."

"Basi tutakwenda ofisi nyingine," bwana alisema, akaelekea mlangoni.

Binti hakunyanyuka. "Huyo wakili wangu," aliuliza taratibu, "nitampata wapi?"