Jiko Halinunuliwi Baridi

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, naikumbuka kwanza kwa harufu yake: harufu ya rangi inayoungua. Nasikia wewe na mwenzio mnatafuta jiko la chuma la zamani, lile la kuni lenye oveni na bomba la moshi, mliweke katika nyumba yenu mpya. Umeniuliza umri wa jiko kama hilo hujulikanaje. Kaa nikuambie. Mimi sina haraka, na chai yako bado ina moto.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami ni mke kijana hapa Geita. Mume wangu Masanja alikuwa seremala mgodini. Tulikaa na mama yake, ambaye nilimwita Mayu, kama Wasukuma wamwitavyo mama. Mayu alikuwa amepikia mafiga maisha yake yote, katika kijumba kisicho na dirisha, na moshi ulikuwa umemharibu kifua. Akiingia jikoni hukohoa mpaka ashike ukuta. Ikafika mahali akawa anakula nje peke yake, sisi ndani tunasikia kijiko chake kikigonga bakuli. Mwanamke aliyetengwa na moto wake mwenyewe anabaki mgeni katika nyumba aliyoijenga. Hakulalamika, lakini nilimwona, na iliniuma.

Wakati huo Wazungu wa mgodini walikuwa wakibadilisha majiko yao. Ya kuni yalitolewa, na mchuuzi mmoja wa vyuma akayakusanya uani kwake. Masanja akasema tuchukue moja, moshi utoke kwa bomba, mama arudi jikoni. Mchuuzi alitaka ndama. Ndama tuliyekuwa naye alikuwa mmoja, tena wa Mayu. Kwa hiyo nafasi ya kukosea hatukuwa nayo.

Asubuhi ya kwenda, Mayu alichukua kigae cha chungu kilichovunjika, akachota makaa kwenye mafiga yake, akayafunika kwa majivu na kujitwika.

"Mayu, makaa ya nini tena?" nikauliza.

"Kwetu moto mpya huwashwa kwa moto wa mama," akajibu. "Na jiko halinunuliwi baridi, ng'wana wane." Ndivyo Wasukuma wasemavyo 'mwanangu'.

Mimi nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani. Nikatangulia na Masanja aliyekuwa akimswaga ndama, watu wasije wakadhani yule bibi wa makaa ni wetu. Ujana una mbio, mwanangu.

Uani yalibaki majiko mawili. Moja jeusi, linang'aa hata ungeweza kujitazama. La pili kutu tupu, mguu mmoja umeegeshwa juu ya tofali. Mchuuzi alisema jeusi ni jipya, limeletwa juzi juzi tu, na lile la kutu ni la enzi ya Mjerumani. Nilishalipenda jeusi kabla hajamaliza. Vyote ving'aavyo si dhahabu, nasi tulikaa mlangoni pa mgodi wa dhahabu, lakini methali haina kazi kwa mtu aliyekwisha kupenda.

Mayu alifika akihema, akatua kigae chake. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, naye aliinama kweli, shavu karibu liguse ardhi, akachungulia chini ya majiko yote mawili. Kisha akapapasa milango.

"Haya maandishi yanasemaje?" akaniuliza.

Nikasoma. Yalikuwa maneno yale yale, na pembeni ua lile lile, hata herufi ya mwisho ilikuwa na kovu moja katika milango yote miwili. Majiko yote mawili yalikuwa yamemiminwa katika kalibu moja.

"Basi ni mapacha," akasema Mayu. "Huyu kapakwa mafuta tu."

Akanishika mkono, akanipitisha vidole kwenye vifuniko. Vya jeusi vilikuwa vyembamba ukingoni, na bawaba zake zimelika. Vya lile la kutu vilikuwa bado vinene. Kutu ni ya kulala, akaniambia, kulika ni kwa kazi. Mchuuzi akacheka, akauliza rangi ina kosa gani.

"Haina," akasema Mayu. "Tuwashe."

Akatia makaa yake na vijiti katika jiko jeusi, akaketi kando yake, uso karibu na chuma. Rangi ikaanza kunuka. Halafu moshi ukatoka mgongoni, mahali palipokuwa na ufa uliozibwa kwa rangi ile ile. Mayu alikohoa mpaka akalala ubavu. Nikapiga magoti vumbini na gauni langu, nikamsihi twende nyumbani. Niliogopa, mwanangu, sijui kama nimewahi kuogopa vile.

Akajifuta mdomo. "Bado pacha wa pili."

Bomba likahamishiwa kwenye jiko la kutu. Kwenye kiungo moshi ulivuja kidogo, akanituma udongo wa kichuguu, nikaukanda na kuziba. Mayu akasogeza uso, akangoja. Moshi ukapanda bombani, na kikohozi hakikuja.

"Huyu," akasema. Mchuuzi akaenda kumchukua ndama, na Masanja akatafuta mkokoteni wa kubebea jiko.

Njiani Mayu aliniambia, bila ukali, "Asubuhi ulinikimbia kwa sababu ya makaa. Aibu haijawahi kupika ugali. Beba kigae." Nikakibeba kichwani, nikapita nacho katikati ya mji wa mgodi na gauni la kanisani.

Jioni Mayu aliketi jikoni kwenye kigoda chake, akala nasi. Nikalia juu ya ugali. Masanja akaniuliza kama ni moshi. Hapakuwa na moshi.

Basi, mwanangu, umri wa jiko usiutafute kwenye rangi, uutafute panapoguswa na mikono na moto. Ukikuta kutu usikimbie, ukikuta mng'aro inama. Na usilipe kabla hujaliwasha, hata wakikucheka. Mungu akupe moto usiozimika na walaji wasiopungua.

Siku ya kwenda kuliangalia, nipitie. Makaa nitabeba mimi. Ukiona haya kutembea nami, wewe tangulia tu, nitafika.