Mashavu wa Manundu, aliyefundisha watu kupanda ndege kabla hajapanda

Saa tatu asubuhi jua limeshaingia mpaka katikati ya chumba, na Bibi Maryamu amekaa kwenye kiti cha ndege, mkanda ameushika kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha watu.

"Kile chuma kiingize humo, bibi. Ukisikia kimelia 'ta', basi, umemaliza."

Kinalia. Bibi Maryamu anacheka, anafungua, anafunga tena. Ametoka Misima, wilayani Handeni, na mwezi ujao anakwenda umra na mumewe. Ana miaka sabini na mmoja na ndege ameziona zikipita juu tu.

Anayemfundisha ni Mashavu Mdoe, mwanamke wa miaka 57, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo humlazimu mtu kuinamisha kichwa ili amsikie. Ni wakala wa tiketi za ndege hapa Manundu, mjini Korogwe, mji ambao ndege ya abiria haitui.

Viti viwili vilivyomo ofisini mwake ni vya ndege kweli. Alivinunua kwa muuza vyuma chakavu jijini Dar es Salaam, vikaja Korogwe juu ya lori lililokuwa likirudi tupu baada ya kushusha machungwa. Yeyote anayekata tiketi kwake kwa mara ya kwanza hukalishwa hapo, akaonyeshwa mkanda, meza ndogo ya kukunjua, na namna ya kumwita mhudumu bila kupiga kelele.

"Mwanangu," Bibi Maryamu anamuuliza, "wewe ulipopanda mara ya kwanza, uliogopa?"

"Niliogopa mno, bibi. Nilishikwa mkono kama mtoto."

Miaka mitatu iliyopita swali hilo lingemkwamisha. Alikuwa ameshawauzia tiketi watu wengi wa Korogwe na Handeni, na kuwafundisha wote, lakini mwenyewe alikuwa hajawahi kuruka.

Mashavu alizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge nje kidogo ya Korogwe, mtoto wa nne wa Mzee Mdoe, kibarua aliyepewa kazi ya kufyeka majani kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha shamba hilo. Ndege ya meneja ilikuwa ya injini moja, na ilikuja mara chache.

"Baba alikuwa anatupeleka tukatazame, lakini mbali," anasema. "Alituambia ile siyo yetu, sisi yetu ni majani. Mimi nilimkasirikia. Nilikuwa mdogo, lakini nilimkasirikia."

Enzi hizo safari ya ndege ilikuwa jambo la wachache. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika, shirika la ndege la pamoja lilivunjika nayo na Tanzania ikaanzisha la kwake. Kampuni binafsi zilikuja kushamiri miaka ya tisini, na moja kati ya hizo, ambayo Mashavu anaomba isitajwe, ndiyo iliyompa kazi mwaka 1996.

Alianza kwa kufagia ndani ya ndege. Abiria wakishuka, yeye na wenzake walipanda na mifuko ya taka, wakatoa magazeti, vikombe na makombo, wakapanga mikanda juu ya viti ili abiria wapya waikute imekaa vizuri. Baadaye akahamishiwa kaunta, akawa anapokea mizigo na kutoa kadi za kupandia ndege.

Kila mfanyakazi alikuwa na haki ya safari moja ya bure kwa mwaka, kama nafasi ipo. Mwaka wa kwanza alikuwa mjamzito. Wa pili alifiwa na baba. Uliofuata alifika uwanjani na begi lake, ndege ikajaa, akavua viatu vya safari na kurudi kazini siku hiyohiyo. Kisha ikawa hivi na vile, mpaka asubuhi moja ya mwaka 2010 walipokuta mlango wa ofisi umefungwa kwa kufuli na kampuni haipo tena.

"Nilizijua ndege kwa ndani kuliko ninavyoijua nyumba yangu," anasema. "Lakini zikiwa zimesimama."

Akarudi Korogwe na watoto wawili na ujuzi ambao hapa hakuna aliyeutaka. Alipofungua ofisi, watu walimuuliza kama ndege itatua stendi. Miezi ya mwanzo aliishi kwa kuuza vocha na kutoa nakala za vyeti. Mteja wake wa kwanza wa ndege alikuwa mwalimu aliyehamishiwa Mwanza. Akafuata mgonjwa, kisha mahujaji. Hata leo anasema kazi yenyewe ni ya kubahatisha: siku nzuri huuza tiketi mbili, na kuna wiki hauzi hata moja.

Lesiamon, mfugaji wa upande wa nyika za Handeni, alifika ofisini kwake mwaka 2022 na mkewe, Nashilu, na binti yao Naitoi, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Moyo wa Naitoi ulikuwa na tatizo tangu kuzaliwa. Madaktari walikuwa wamependekeza apelekwe India kwa upasuaji. Ukoo ulikuwa umeuza ng'ombe, kanisa limechanga, hati za kusafiria na viza zimepatikana. Kilichobaki kilikuwa tiketi.

"Yule mtoto alikaa kwenye kiti hiki," Mashavu anasema, akigusa mgongo wa kiti alichokalia Bibi Maryamu. "Alipanda ngazi mbili tu za mlangoni hapo, akawa anahema kama aliyekimbia. Lakini macho yake yalikuwa yanacheka."

Aliwafundisha kama alivyowafundisha wengine. Aliwaambia ndege inaondoka kama basi lenye haraka, na huko juu imetulia, mtu anaweza kunywa chai. Nashilu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alisikiliza huku mumewe akimtafsiria kwa Kimaasai. Safari yao ingekuwa ya wawili tu, mama na mtoto, na huko India wangepokelewa na watu wa hospitali.

Mashavu aliamua kuwasindikiza mpaka uwanjani Dar es Salaam. Basi lilipovuka Chalinze, midomo ya Naitoi ilianza kubadilika rangi. Walipofika kaunta, kijana wa zamu alisoma barua ya daktari, akamtazama mtoto, akaisoma tena.

"Mama, huyu hawezi kuruka bila oksijeni," alisema. "Na oksijeni haijaombwa. Siwezi kumpandisha."

Lesiamon alimgeukia Mashavu, akingoja amjibu yule kijana.

"Nilijua yuko sahihi," anasema. "Barua ilikuwa ya wiki mbili nyuma, hali yake ilikuwa nafuu. Sasa imebadilika. Nami nilishawahi kusimama pale, nikamrudisha mgonjwa wa mtu. Ningekuwa yeye, ningesema hivyohivyo."

Ndege iliondoka bila wao.

Angeweza kurudi Korogwe. Badala yake aliwachukua wote watatu mpaka Kipawa, jirani na uwanja, kwa Mwanaidi, rafiki yake waliyekuwa wakifagia ndege pamoja. Mwanaidi aliwapisha chumbani kwake. Alipoona wageni, wafugaji wasiozoea samaki, wanamsukuma pembeni ya sahani, hakuuliza kitu, akaagiza maziwa dukani.

Kukicha wakaenda hospitali. Naitoi akapimwa upya, barua mpya ikaandikwa, na Mashavu akaipeleka mwenyewe ofisi za shirika la ndege, akaketi na kungoja. Siku ya tatu jibu likaja. Watamchukua mtoto, oksijeni itawekwa, lakini kwa sharti: asindikizwe na mtu anayeweza kuzungumza na wahudumu njia nzima, kwa Kiingereza. Nashilu hakukijua. Lesiamon hakukijua.

Jioni hiyo, wakiwa wamekaa kibarazani kwa Mwanaidi, Lesiamon alizungumza bila kuzunguka.

"Mama, wewe ndege unaijua, na Kiingereza unacho. Nenda nao."

"Baba Naitoi, mimi sijawahi kupanda."

Lesiamon alidhani hakusikia vizuri. "Hujawahi kupanda ipi?"

"Yoyote. Nimefagia, nimeuza tiketi. Kuruka, sijaruka."

Nashilu akamuuliza mumewe kilichosemwa, naye akamtafsiria. Mashavu anakumbuka kwamba alitazama chini, akitegemea lawama. Nashilu alisema maneno machache kwa Kimaasai, na Lesiamon akayaleta kwa Kiswahili.

"Anasema, basi mtakuwa watatu ambao hawajui. Ni afadhali kuliko wawili."

Usiku ule hakulala vizuri. Siyo kuanguka alikokuwa anakuogopa, anaeleza.

"Niliogopa nikifika huko juu nikute niliyokuwa nawaambia watu miaka yote ni uongo. Mtu amekuamini, amemweka mama yake kwenye ndege kwa maneno yako. Halafu iwe siyo kweli?"

Asubuhi alimwambia Lesiamon kuwa atakwenda. Hati yake ya kusafiria ilikuwepo. Alikuwa ameishughulikia kila ilipoisha muda, bila kupata hata mhuri mmoja ndani yake. Lesiamon akapiga simu nyumbani, na mafahali wengine wawili wakapelekwa mnadani kwa ajili ya tiketi ya tatu. Viza ya msindikizaji wa mgonjwa ilitoka baada ya siku chache. Hatimaye wakaruka, kupitia Uarabuni.

Siyo kama basi. Hilo ndilo jambo la kwanza Mashavu alilojifunza. Ndege ilipoanza kukimbia, mgongo wake ulibanwa kitini, tumbo likabaki nyuma, na sakafu iliyokuwa imelala ikainuka. Miguu aliikaza chini kana kwamba inaweza kuzuia kitu. Upande wa dirisha Naitoi alikuwa na kifaa cha oksijeni usoni, anatazama nje, anatafuta nyumba. Upande wa pili Nashilu alikuwa anaimba polepole wimbo wa kanisani.

"Nilikuwa katikati yao, nimefumba macho. Nashilu akanishika mkono. Akasema kwa Kiswahili chake, 'Mama, pumua.' Mimi ndiye niliyepelekwa kumsaidia yeye."

Akapumua. Ndege ilipokaa sawa, Naitoi akageuka, akaondoa kifaa kidogo mdomoni na kuuliza mbona ng'ombe hawaonekani. Mashavu akamwambia wapo, ni wadogo tu kwa sasa, na arudishe kifaa mahali pake.

Katika awamu ya pili ya safari, kutoka Uarabuni kwenda India, juu ya bahari, ndege iliingia kwenye hewa mbaya ikaanza kurukaruka. Naitoi alishtuka, na kifua chake kikaanza kupanda na kushuka kwa haraka. Vidole vikawa na rangi ileile ya njiani Chalinze. Taa za mikanda zilikuwa zinawaka na wahudumu wenyewe walikuwa wameketi.

Mashavu alibonyeza kitufe cha kumwita mhudumu, kile anachowaonyesha wateja wake wote. Mhudumu alipoinua kichwa, akamwita kwa mkono, kisha kwa sauti. Mwanamke yule akaja akijishika kwenye viti.

"Kiingereza changu ni cha kaunta," Mashavu anasema. "Pasipoti, mzigo, mlango namba fulani. Lakini nilijua kusema mtoto, moyo, hewa haitoshi. Nilijua kusema tafadhali."

Mhudumu akaongeza kiwango cha oksijeni kama daktari alivyoelekeza, akapiga magoti kwenye njia ya kati mpaka rangi ya vidole ikarudi. Kwa muda wote huo, Mashavu anasema, alisahau kabisa kuwa yuko angani.

Upasuaji ulichukua sehemu kubwa ya siku. Nashilu na Mashavu walikaa kwenye benchi moja la hospitali, wakizungumza kwa maneno machache waliyokuwa nayo kwa pamoja. Daktari alipotoka, alitabasamu kabla hajafungua mdomo.

Waliporejea, wiki tano baadaye, Naitoi alitoka mlango wa abiria wanaowasili, uwanjani Dar es Salaam, akisukuma mwenyewe kigari cha mizigo. Lesiamon alisimama akimtazama anavyotembea. Kisha akamwendea Mashavu, akampa mkono na kumwita yeyo, neno la Kimaasai la mama mzazi. Ndilo analomwitia mpaka leo.

Naitoi sasa ana miaka kumi na minne na yuko shule. Kwa simu, sauti yake ni ya haraka na yenye utani. "Mama Mashavu alikuwa anatetemeka," anasema. "Mimi nilimwona. Nilinyamaza tu kwa heshima."

Baada ya safari hiyo Mashavu alibadilisha mafunzo yake. Hasemi tena habari za basi. Anamwambia mteja atasikia mgongo ukibanwa, kwamba ndege huweza kurukaruka na bado ikawa salama, na kwamba kuogopa si aibu. Anamuuliza kila mmoja kuhusu afya yake kabla hajagusa kompyuta, na akiona barua ya daktari ya zamani, anamrudisha akapimwe upya.

Familia za wafugaji, ambazo zamani zilipita mbele ya ofisi yake bila kugeuka, sasa huja kumuulizia kwa jina. Ndani ya mwaka mmoja uliopita amewasindikiza wagonjwa wanne mpaka uwanjani, bila malipo, na anatafuta chumba Handeni mjini ili watu wa huko wasilazimike kuja Korogwe kwa ajili ya tiketi.

Kuna jambo moja analolitaka kwa ajili yake mwenyewe. Kwenda India na kurudi alikaa katikati, kati ya mgonjwa na mama yake, na nje hakuona chochote. Amejikatia tiketi ya mwezi Desemba, kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro, kiti cha dirishani. Amesikia kwamba hewa ikiwa safi ndege ikipita huku, mtu huweza kuliona bonde la Pangani, mashamba ya mkonge, pengine hata mabati ya Manundu.

Bibi Maryamu ameshasimama, anajifunga vizuri mtandio, tayari kuondoka. Anamuuliza huko juu Misima inaonekanaje.

"Sijui, bibi," Mashavu anamjibu. "Nikirudi nitakwambia."